Msumeno Usio na Meno

Wiki tatu nilifagia.
Nilifika Mabela saa kumi, jua bado limelalia mabati ya karakana,
nikatundika buibui msumarini, nikavaa aproni ya mpira,
nikafagia vumbi nililolifagia jana.
Nilisugua mawe kwa mswaki mpaka yakaona haya.
Nilichemsha chai ya maziwa, nikatia iliki, nikaongeza iliki.
Kila Ghaniya aliposema, "Leo zamu yako, mama,"
nilikumbuka kitu nje, kwenye gari.

Ana miaka ishirini na sita. Kasomea mawe chuo kikuu,
na Kiswahili chake ni cha bibi yake wa Wete,
kimetunzwa kabatini na karafuu.
Mimi hamsini na tisa. Nimefunga hesabu za wizara
miaka thelathini, na hakuna baisa iliyonitoroka.
Lakini mashine –

Nilikuwa na miaka tisa, tumehamia Matrah,
cherehani ya mama, mguu wangu kwenye pedali kwa utundu tu.
Sindano iliingia kuchani ikatokea upande wa pili,
na uzi nyuma yake, mwekundu tangu dukani.
Toka siku ile hata blenda naiwasha nikiwa nimegeuza uso.

Na hii si blenda.
Ni sanduku la chuma, kama friji iliyolazwa chali,
mafuta tumboni, diski moja katikati,
na ikianza kuguruma
ni mtu anaburura kabati juu ya saruji, haachi.

Jumatano moja maziwa hayakuwepo.
Ufagio ulikuwa umefichwa (alikiri baadaye).
Ghaniya akachomoa waya ukutani, nione kwa macho yangu,
akanishika kidole, kilekile chenye kovu,
akakipitisha ukingoni mwa diski.
"Meno yako wapi?"
Nikayatafuta.
Palikuwa na mkwaruzo tu, chembe za almasi,
ulimi wa paka anayekulamba chumvi kiganjani.
"Msumeno," akasema, "jina ndilo lenye meno.
Huu hautafuni. Unalamba, mpaka jiwe lichoke."

Sikupona palepale. Nikisema nilipona msiniamini.
Nilifunga jiwe kwenye jiriwa,
nikakaza, nikalegeza, nikakaza,
jiwe la bonde la Samail, jeusi nje kama sufuria iliyoungua.
Nikashusha mfuniko. Nikapiga bismillahi mbili,
moja ya jiwe, moja ya kidole.
Swichi ni ya kijani. Ni ndogo kuliko ya taa ya choo changu.

Kelele. Harufu ya mafuta ya moto.
Kisha, na hili hakuna aliyeniambia,
kuchoka kusubiri.
Dakika arobaini! Hofu haiwezi kusimama muda wote huo,
nayo hutafuta kiti.
Tukala tende, tukamsengenya mkwe wa dada yake,
nikajikuta nauliza, kwa sauti ya juu ya mashine,
kama haiwezi kwenda kasi zaidi.

Halafu mlio ukapanda, ukawa mwembamba,
na kitu kikaanguka ndani: tap.

Kibao kimekwenda upogo,
huku kinene, kule chembamba,
kama mkate uliokatwa na mtoto mwenye njaa.
Lakini ndani yake!
Kijani ambacho Maskati haikijui,
na mishipa myeupe inakimbia ovyo,
mabonde yaleyale niliyoyapita mara mia
vioo vya gari vimefungwa.

Ghaniya akapima. "Milimita sita hapa, kumi na moja pale.
Jiriwa hukuikaza."
"Niliikaza."
"Uliikaza, ukailegeza."
Kweli.

Usiku, nakaanga maandazi, masikio bado yanavuma.
Mume wangu akauliza ni nini kinachonuka mafuta ya gereji.
"Mimi," nikamwambia.
Kibao kiko chini ya birika la kahawa,
birika linayumba kidogo, aliyekaa karibu alishike.

Kesho nina kitu kwenye gari. Safari hii ni kweli:
kilo nne, cha mviringo, sijui kina nini ndani.